Niliwaamsha Konokono wa Mama Ahua

Wiki iliyopita niliwaacha mkinicheka. Nasikia kule Takoradi kuna fundi viatu aliyelisoma gazeti kwa sauti mpaka wateja wakaondoka bila viatu vyao. Chekeni tu. Leo nina jambo baya zaidi la kuungama.

Kwa yule aliyefungiwa maandazi kwenye ukurasa wa wiki jana: mimi ni Nyanzu wa Bilesuazo, mpakani. Niliifagia ofisi ya forodha miaka kumi na mmoja, nikafukuzwa kwa kuuliza swali moja. Mwezi huu nikawashawishi wanawake kumi na tisa wauza konokono waache kumpa Bwana Duodu, mkuu wa forodha, ndoo yake ya konokono kwa kila mzigo. Nikawaambia safari hii tunapita kwa kitabu cha sheria.

Duodu akayafungia magunia yao yote ghalani. Ishirini na nane. Vitu vinavyooza hupewa siku tatu, alisema. Ikifika Ijumaa saa sita mchana bila karatasi safi, vinachomwa moto.

Na katika hayo ishirini na nane, kumi na moja ni ya dada yangu Abenlema. Mjane. Alivuka mto akaingia misitu ya Waanyi, watu wa nchi jirani, na kila alichokuwa nacho, akarudi na konokono. Akiyakosa hayo magunia, kiangazi chote hana cha kuuza.

Sasa ni Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Duodu alikuwa mezani pake anakula akyeke ya muhogo na samaki wa kukaanga. Aliponiona hakujisumbua kunawa.

"Mfagiaji amekuja," akasema. "Ufagio uko wapi?"

"Nilikuachia wewe, mkuu. Naona haujaguswa."

Wanawake waliojazana mlangoni wakaangua kicheko. Mama Ahua peke yake hakucheka. Yeye ni malkia wa soko la konokono, wauzaji wote wamemchagua awasemee, na malkia hacheki shauri likiwa bado mezani. Alikuwa amekalia kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kiti cha serikali hakalii, anasema kina kunguni wa watu wengi.

Duodu akanisukumia fomu kwa kidole chenye mafuta. "Wanyama hai. Jaza, uambatanishe cheti cha daktari wa mifugo."

Nikaisoma. Idadi ya vichwa. Jinsia. Rangi ya manyoya. Namba ya hereni ya sikio.

"Mkuu, konokono hana sikio."

"Eleza kwa nini hana."

"Na hapa kwenye jinsia?" Abenlema akadakia. "Hawa kila mmoja ni dume na ni jike."

"Mama, mambo ya chumbani kwao usiniletee mimi. Chagua moja uandike."

Nilikuwa naisubiri hiyo. Nikafungua mkoba, nikatoa kitabu cha ushuru. Sikukiiba, msinitazame hivyo. Lilipokuja toleo jipya, la zamani lilitupwa shimoni, nami ndiye niliyekuwa natupa. Nilikaa nalo miaka saba usiku na mchana. Shule yangu iliishia darasa la nne. Madarasa yaliyobaki yako humo ndani.

"Sura ya kwanza," nikasoma kwa sauti ya watu wa nje kusikia. "Wanyama hai wote, *isipokuwa* samaki, kaa, na viumbe wa mwili laini. Nenda sura ya tatu. Konokono wasiokuwa wa baharini. Ametajwa kwa jina, mkuu. Wewe unamwita ng'ombe, kitabu kinamwita konokono."

Duodu akakivuta kitabu. Akasoma. Akarudia. Midomo yake ikawa inatembea kama ya mtu anayetafuta mwiba wa samaki.

"Tandoh!" akaita.

Bibi Tandoh ni afisa mpya, ana miezi miwili Bilesuazo. Mwembamba, ana miwani, anakula karanga mojamoja kana kwamba zina zamu. Sijapata kumwona akicheka. Alikuja na kitabu kipya, akakilinganisha na changu, mstari kwa mstari, tukamngoja mpaka nzi wakaizoea ile sahani.

"Anasema kweli, bwana mkuu. Konokono yuko sura ya tatu. Pamoja na samaki, kaa na chaza."

"Kwa hiyo konokono ni samaki?"

"Sikusema ni samaki. Nimesema anakaa nao."

Vigelegele! Mama mmoja akarusha kanga juu. Mama Ahua akatikisa kichwa polepole.

"Miaka thelathini nauza vitu vya sura ya samaki," akasema, "na yule jirani yangu muuza jodari ananiona mimi mtu wa vichakani. Atanitambua Jumatatu."

Nami nikaanza kuhutubia. Ndio ugonjwa wangu. Nikiwa nimefika kwenye mkoloni na mihuri yake, Duodu akafuta mdomo, akafungua droo, akatoa fomu nyingine. Alikuwa anatabasamu.

"Hongereni. Mazao ya uvuvi. Jaza."

Jina la chombo. Aina ya wavu. Kina cha maji mahali pa kuvulia.

 Abenlema akanikazia macho. Nikashika kalamu, nikajaza. Jina la chombo: Abenlema. Aina ya wavu: vidole kumi. Kina cha maji: umande wa asubuhi.

Nilimrushia Duodu hiyo fomu. Ikaanguka sakafuni. Bibi Tandoh akaiokota, akaisoma taratibu, akatafuta kosa, hakuliona.

"Hakuna uongo hapa," akasema. Akagonga muhuri.

"Tandoh!"

"Fomu haikuuliza kama chombo kina makasia, bwana mkuu. Na kwa kuwa mzigo umetoka nchi jirani na haujasindikwa, unaingia bila ushuru. Sharti ni moja. Kitabu kinasema hai, wabichi, au wa baridi. Tukawatazame."

Tukaenda kuwatazama.

Ghala la forodha liko nyuma, refu, kuta zimepakwa chokaa. Kuna meza ya ukaguzi, kuna rafu, na juu ya rafu kuna daftari kubwa jekundu la mali zilizozuiliwa. Nalijua daftari lile kuliko ninavyojua watoto wangu. Nililipangusa vumbi kila asubuhi, na kila asubuhi nililisoma.

Duodu akafungua gunia la kwanza, akatoa konokono wawili, akawagonganisha. Ko! Ko!

"Mawe," akasema.

Kweli kila mmoja alikuwa amejifungia, mlangoni pana utando mweupe mgumu kama ganda la yai. Huu ni msimu wa upepo wa vumbi kutoka jangwani. Midomo inapasuka, mbao zinapasuka, na konokono anafunga nyumba yake analala mpaka mvua. Kila mtoto wa Bilesuazo anajua. Lakini Duodu konokono wake humfikia ndani ya mchuzi.

"Wamekufa wote hawa. Sura ya tano. Mizoga isiyofaa kuliwa. Kuchomwa."

Mnaona? Sura ya kwanza hakuijua, ya tatu alikuwa hajawahi kuifungua. Ya tano alikuwa nayo kichwani.

Na hapo ndipo lilipo lile swali langu. Katika daftari jekundu, karibu kila alichowanyang'anya watu kiliandikwa hivyohivyo: sura ya tano, mizoga isiyofaa, imechomwa. Samaki wa moshi, kaa, nyama ya mbuzi, vyote vimechomwa. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nafagia uwanja ule. Asubuhi moja nikamuuliza kwa adabu zote, "Mkuu, jivu liko wapi?" Adhuhuri nilikuwa sina kazi.

Tangu siku hiyo nimeandika barua nane makao makuu. Ya nane ilijibiwa. Mkaguzi anakuja Jumatatu kulisoma lile daftari, na Duodu ameshaarifiwa.

Lakini hiyo ni Jumatatu. Sasa ni Alhamisi, na Duodu anaita kiberiti.

"Hawajafa, wamelala!" wanawake wakapiga kelele.

"Nionyesheni," Bibi Tandoh akasema. "Siandiki 'hai' kwa kuambiwa."

Mama Ahua akainuka kigodani. "Rahisi. Mwamsheni mmoja. Mmoja tu, mtieni maji kidogo, atafungua mlango, muandike tuondoke. Hao wengine msiwaguse. Konokono akiamka kiangazi anaamka na njaa ya miezi miwili, na asipopewa chakula anatafuna chochote."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Lakini mimi nina kumbukumbu, jamani, na kumbukumbu zangu hazina adabu. Nikiwa na miaka tisa, mwaka ule wa moto na njaa, mama yangu alisimama kwenye kizuizi hikihiki na beseni la samaki wa moshi. Afisa akachomoa samaki mmoja wa chini kabisa, aliyevunjika, akamnusa, akasema wameoza. Wote. Kwa ajili ya yule mmoja. Usiku ule tulikula maganda ya muhogo. Miaka yote hii nimembeba yule samaki mmoja kifuani.

"Mmoja hathibitishi kitu!" nikasema. "Leo mmoja akiamka, kesho watasema wengine walikuwa maiti. Tunawaamsha wote!"

"Nyanzu," Mama Ahua akasema, "malkia wa konokono ni mimi au ni wewe?"

"Ni wewe, Mama. Lakini sheria naijua mimi."

Hilo ndilo neno ninaloungama leo. Liandikeni mahali.

Nikaunyakua mpira wa maji uliokuwa wa kuoshea gari la Duodu. Nikafungua gunia baada ya gunia, nikayamwagia yote ishirini na nane, kama mtu anayemwagilia mchicha. Duodu alisimama kando mikono kiunoni. Wala hakunizuia. Hilo nalo ningelitilia shaka, kama ningekuwa natia shaka vitu siku ile.

Baada ya nusu saa ikaanza sauti. Mwanzo huku, kisha kule, kisha ghala zima: kru, kru, kru, milango myeupe inavunjwa kutoka ndani. Pembe zikachomoza. Bibi Tandoh alipita gunia kwa gunia, anainama, anategesha sikio, mpaka alasiri. Akarudi mezani, akaandika karatasi ya kutolea mzigo: hai, wote niliowatazama, magunia ishirini na nane. Akatia sahihi yake, akaiweka mezani chini ya jiwe. Imebaki ya Duodu.

Duodu akatazama saa.

"Saa kumi kamili. Nitasaini kesho asubuhi."

"Basi wapeni majani!" Mama Ahua akasema. "Wapeni hata maganda ya ndizi!"

"Ghala si hoteli, Mama. Tokeni."

"Tufunge midomo ya magunia kwanza," Abenlema akasema.

Na hapa, ndugu zangu, ninaungama la pili. Kazi ya kuyafunga ilikuwa yangu, kwa kuwa niliyafungua mimi. Nami nilikuwa juu ya kreti, nahutubia. "Yafungwe kesho!" nikasema. "Leo ni siku ya kushangilia!" Wakanibeba juujuu mpaka barabarani. Mtu wa miaka zaidi ya hamsini, nabebwa kama harusi. Nyuma yangu nikasikia kufuli.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa uwanjani wote. Wanawake wamevaa vizuri, lori limekwisha kodiwa, dereva anapiga honi kwa furaha tu.

Duodu akafungua ghala. Akasimama. Akarudi hatua moja.

Konokono walikuwa kila mahali. Ukutani, darini, kwenye taa, kwenye bendera iliyokunjwa, ndani ya kofia ya Duodu iliyotundikwa msumarini. Chokaa ya ukuta wameilamba, michirizi tupu mpaka kwenye tofali. Magunia yamelala chali, midomo wazi, kama walevi.

"Yesu wangu," akasema Abenlema.

Bibi Tandoh akaenda mezani. Jiwe lilikuwapo. Karatasi haikuwapo.

Kisha akatazama rafu. Akalishusha daftari jekundu kwa mikono miwili. Jalada lilikuwa zima. Akalifungua, na ndani mlikuwa na kitu kama kitambaa cha kutarizi, matundu na nyuzinyuzi, na konokono mmoja mnene amelala katikati kama mwenye nyumba.

"Kumbukumbu za miaka sita," akasema.

Nikajikaza kumngoja Duodu apige kelele. Nilikuwa nimekwisha andaa majibu matatu.

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, uso umelegea kama wa mtu aliyetoka kuoga, akanikumbatia.

"Mzee Nyanzu," akaninong'oneza. "Miaka kumi na mmoja, hujawahi kunifagilia vizuri namna hii."

Jasho likanitoka. Barua nane, jamani. Barua nane kuomba mtu aje alisome lile daftari, halafu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na mpira wa maji wa serikali, nimewalisha konokono daftari hilo siku tatu kabla.

Wanawake hawakuwa na muda na jasho langu. Walikuwa juu ya meza, juu ya kreti, wanachuma konokono ukutani kama maembe. Mama Ahua, kigodani, anaelekeza kwa mwavuli.

"Yule wa darini! Si huyo, huyo ni popo! Kushoto!"

Nilijaribu kusaidia. Abenlema akaninyang'anya gunia.

"Kaka," akasema, bila kunitazama, "mama alipoteza beseni moja. Wewe ukatafuta magunia ishirini na nane ya kumlipizia."

Nikatafuta ufagio, nikaanza kufagia. Mimi! Bila kuhutubia!

Saa nne na nusu magunia yalikuwa yamejaa tena na kufungwa, safari hii na Abenlema mwenyewe, fundo juu ya fundo. Bibi Tandoh akaandika karatasi mpya.

"Kuwa wako hai hakuna ubishi," akasema. "Mmoja yuko begani kwangu. Imebaki sahihi ya mkuu."

Mkuu akaniita ofisini. Peke yangu. Akafunga mlango, akanivutia kiti, akanimiminia chai. Tangu nimjue hajapata kunipa hata maji ya kunawa. Mbele yangu akaweka karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

*Mimi Nyanzu, mfagiaji wa zamani, nilimwaga maji ghalani kwa hiari yangu. Kuhusu daftari lililoharibika, sikumbuki jambo lolote lililokuwa limeandikwa humo.*

"Hiyo tu?" nikauliza.

"Hiyo tu. Wewe unasaini yako, mimi nasaini ya dada yako."

"Na nisiposaini?"

Akatazama saa ya ukutani. "Saa tano kasoro. Mimi nina kazi nyingi, naweza nisiipate kalamu yangu mpaka saa sita. Ikifika saa sita sheria inafanya kazi yenyewe. Uliniuliza habari za jivu, siyo? Safari hii utaliona."

Nje nilimsikia Abenlema anamwambia dereva asizime gari.

Watu wa mikutanoni wananijua. Nimewahi kukaa ndani siku nne kwa kukataa kumvulia kofia mkuu wa wilaya. Nimewahi kumrudishia mbunge fulana yake mbele ya umati. Sasa ninaungama la tatu, na hili ndilo lililonizuia kulala wiki nzima: nilisaini. Haikuchukua hata muda wa kufukuza nzi. Duodu akaikunja karatasi yangu mara nne, akaitia mfuko wa shati, akachukua ya mzigo, akasaini kwa madoido, akaibakiza mezani pake.

"Wapakie," akasema. "Kizuizi kitafunguliwa nikitoka mimi kutoa ishara. Kwanza nimalize chai."

Wakapakia. Lori likasogea mpaka kwenye kizuizi, wanawake wamekaa juu ya magunia, Mama Ahua mbele kabisa na kigoda chake. Mti wa kizuizi ulikuwa umelala barabarani. Mlinzi ameshika kamba ya kuuinulia, anautazama mlango wa ofisi.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Bibi Tandoh akaja akakaa pembeni, na karanga zake.

"Lile daftari lilikuwa na nini?" akauliza.

"Sikumbuki."

"Umeandika hivyo?"

"Nimeandika hivyo."

Akatafuna karanga moja. "Na kweli ni ipi?"

Labda ni lile benchi. Labda ni kwa sababu hakunitazama alipouliza.

"Kweli ni kwamba nalikumbuka kuanzia ukurasa wa kwanza," nikasema. "Tarehe tatu Machi, mabeseni manne ya jodari wa moshi, wa Mama Akuba wa ng'ambo. Sura ya tano, mizoga, imechomwa. Jumapili yake mkuu alikuwa na sherehe ya ubatizo nyumbani kwake, tukala jodari. Tarehe tisa, mbuzi sita. Sura ya tano, mizoga, imechomwa. Na hao mizoga, dada, walikuwa wanakula ufagio wangu huku wakiandikwa kuwa wamekufa. Tarehe kumi na nne..."

"Tarehe zote?"

"Zote za miaka niliyokuwa hapa. Na majina. Sijui kusahau, ndiyo taabu yangu."

Karanga ikabaki katikati ya vidole vyake.

"Asubuhi nilimpigia mkaguzi simu," akasema. "Nikamwambia daftari limeliwa. Nikamwambia Mama Ahua amenidokeza kuna mzee mmoja hapa anayekumbuka mpaka vitu asivyotakiwa. Akasema kama ni hivyo hangoji Jumatatu."

"Anakuja lini?"

Hakunijibu, kwa sababu gari lilikuwa linakata kona ya kanisa. Jeupe, vumbi nyuma yake refu. Likasimama pembeni ya lori. Akashuka mwanaume mfupi, mkoba wa ngozi kwapani, akajipangusa suruali, akatutazama sote.

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Duodu akatoka akifunga vifungo, tabasamu limemtangulia.

"Karibu, mheshimiwa! Hatukukutarajia! Tulikuwa tunaruhusu mzigo mdogo tu huu." Na mkono wake wa kulia ukaenda juu, kumwonyesha mlinzi. Ulikuwa umebaki kushuka tu, na lori lipite.

"Mzee anayekumbuka ni nani kati yenu?" mkaguzi akauliza.

Mkono ukabaki juu. Haukushuka.

"Aa, mheshimiwa, ni huyu mzee wetu," Duodu akasema, na mkono wa kushoto ukagusa mfuko wa shati. "Alikuwa mfagiaji. Kichwa kimechoka sasa, hakumbuki kitu. Ametuandikia mwenyewe, si ndiyo, mzee?"

Akanitazama. Akautazama mkono wake ulioko juu. Akanitazama tena, nikaelewa bei.

Saa ya kanisani ilikuwa inaonyesha saa tano na dakika arobaini.

Nitawaambia ukweli, maana nimeshaanza. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema sikumbuki. Neno lilikuwa mlangoni kwenye meno. Nilikuwa nimekwisha mwona Abenlema anafika sokoni Kumasi, amepanga konokono wake kwa mafungu, analalamika bei, ananisahau mimi. Nilitaka hivyo.

Juu ya lori mtu akasimama.

"Kaka!"

Alikuwa amesimama juu ya magunia yake, anayumba, kitambaa cha kichwa kimefunguka. Mama Ahua alimshika gauni kumketisha.

"Kaka, sema!" Abenlema akapiga kelele. "Sema! Hawa konokono nitaokota wengine!"

Mama Ahua akamtazama dada yangu kutoka chini mpaka juu. Kisha akaliachia gauni, akarudisha mikono yake mapajani, akatazama barabara.

Nikamgeukia mkaguzi.

"Nakumbuka, bwana," nikasema. "Toa kalamu. Na hiyo karatasi iliyoko kwenye shati lake nayo aitoe, nitakwambia niliisaini kwa ajili ya nini."

Tabasamu la Duodu lilikuwa bado lipo, halijaambiwa. Mkono wake ulikuwa bado juu. Injini ya lori inanguruma. Mlinzi, kamba imemkaza viganja, akamtazama mkuu wake, akamtazama mwenye mkoba, akawatazama wanawake kumi na tisa, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya mto:

"Jamani, niinue au niache?"